Tone Moja kwenye Kizibo

Basi la plastiki la kuunganisha kwa gundi, lenye ukubwa wa mkate, lilibakiza dirisha moja tu la kupachikwa. Tangu mkono wa kulia wa Bi Rehani upooze, madirisha matatu yalikuwa yameharibika, kwa sababu gundi ikigusa plastiki angavu huacha ukungu usiofutika.

"Nikukamulie hapohapo?" aliuliza mumewe, Shomvi, akiwa ameshika tyubu ya gundi juu ya fremu.

"Thubutu, bwana! Ndivyo ulivyoniharibia la pili. Weka tone moja kwenye kizibo cha soda."

Bi Rehani akachovya ncha ya kijiti cha meno kwenye tone hilo kwa mkono wa kushoto, akaegemeza kiwiko mezani, akapaka ukingo wa fremu taratibu, mstari mwembamba kama uzi. Kisha akalipachika dirisha kwa kibano cha nyusi na kuzuia pumzi. Shomvi naye akazuia yake.

Dakika zikapita. Dirisha likabaki safi kama maji.

"Alhamdulillahi!" Bi Rehani akashusha pumzi, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Akaliinua basi usoni, akachungulia. Upande wa pili, jicho la mumewe lilikuwa limesogea dirishani, kubwa, limelowa, kama la mtu aliyekuja stendi kumpokea mgeni wake.