Bakuli la Jirani

Kila nyumba ilikuwa behewa, na kila alfajiri treni ziliyatawanya mabehewa, kila moja hadi palipopungua watu wa kazi. Nyamizi, aliyetenganishwa na mama yake tangu utotoni, alipenda kufungua dirisha aone ameamkia wapi, na jirani ni nani.

Jana alikuwa mama mmoja mwenye mvi, aliyemwazima bakuli la kukandia unga. "Chukua, mwanangu," alisema, naye Nyamizi akaona ni lugha ya watu wazima tu.

Leo dirishani palikuwa na winchi za bandari, na jirani mwingine.

"Sasa nitalirudisha wapi?" akamwuliza mumewe.

"Si mnaandikaga majina chini, vyombo visipotee kwenye shughuli? Hebu ligeuze."

Akaligeuza. Chini palikuwa pamekwaruzwa kwa msumari: MAMA NYAMIZI.