Asali Kwenye Rangi

"Rangi za maji hutiwa gundi, Riziki. Asali utakuja kuijutia," Machano alimwonya mkewe.

Lakini Riziki alishachoshwa na rangi zinazokauka kisahanini kabla picha haijaisha. Akatia asali, kijiko kizima badala ya tone, na rangi ikateleza karatasini vile alivyotaka.

Asubuhi wakakuta sisimizi wamejipanga juu ya picha. Machano akachukua kitambaa.

"Si nilikwambia?"

Riziki akamshika mkono. "Waache kwanza."

Ile barabara nyekundu ya pichani, ambayo jana nusura aichane kwa kukosa uhai, sasa ilikuwa na wasafiri. Wote walikuwa wakielekea nyumba ya mwisho, ambayo hakuwahi kuimaliza. Riziki akacheka, akalowesha brashi, akaanza kuwachorea mlango.