Mkia wa Kalunguyeye

Enzi hizo asali tamu kuliko zote ilikuwa ndani ya pango la Chatu, na wanyama waliiendea kwa makundi. Kalunguyeye alikuwa na miiba mgongoni na woga tumboni. Alikula mchwa wake peke yake, akasikiliza masimulizi ya wenzake kinywa wazi.

"Leo twende wote," Nyegere, shujaa wao, akamwambia.

"Mimi mgeni, kaka. Nitawaharibia."

"Utakaa katikati. Mle ndani ni giza totoro, kwa hiyo kila mmoja hushika mkia wa aliye mbele yake."

Wakaingia. Nguchiro mwepesi alitangulia, Kalunguyeye akafuata, na nyuma yake Nyegere akakishika kimkia chake. Mara Chatu akajikunjua, na ikawa kana kwamba ni pango zima linalotembea. Kalunguyeye akasahau yote aliyoambiwa, akajiviringa kama mpira. Chatu akamdaka, miiba ikamchoma ulimi, akamtema na kukimbilia ndani kabisa. Nguchiro akakwapua masega, wakatoka mbio.

Nje, asali iling'aa kama jua lililoganda. Kalunguyeye hakuwahi kuona kitu kama kile, lakini alikuwa akilia.

"Nisamehe, kaka. Niliogopa."

Nyegere akamkatia yeye sega la kwanza, kisha akamwinamia sikioni.

"Mimi macho niliyafumba tangu mlangoni. Kwani ulidhani mkia wako niliushika kwa ajili yako?"