Betri Mama

Kila mtaa ulikuwa na betri mama, chupa ya kioo ya enzi za mababu, na kila mashine ya mtaani ilijirekebisha kufuata volti yake. Ya mtaa huu ilitunzwa chumbani kwa Bi Mwanahawa, kwa sharti moja: isiinamishwe. Udadisi ukamshinda, akaiinamisha kidogo, achungulie zebaki iliyomo. Papo hapo volti ikapanda, na mashine ya moyo kifuani mwa mumewe ikashika mwendo mwingine.

"Mzee Shemdoe, u mzima?"

"Kuliko jana! Mbona leo unasema polepole hivyo, mke wangu?"

Fundi wa mtaa akaja, akaipima mashine, akatabasamu. "Iko sawasawa, mama."

"Umeipima kwa kipi?"

"Kwa betri mama. Kwani kuna kingine?"

Nyuma yao mzee alishamaliza chai iliyokuwa bado ikitokota, anaomba nyingine.