Mazoezi ya Kuanguka

Ulipita. Dirisha lilikuwa wazi, ukamwona dada mtu akimsukuma mdogo wake begani, kijana akadondoka kwenye godoro, akainuliwa, akasukumwa tena. Ukajifanya unafunga kamba za viatu. Basi leo utatazama, upende usipende.

Mdogo mtu wanamwita Bosi, kwa kupenda kwake kutoa amri. Ana miaka kumi na tisa. Akili yake hujifunza taratibu, na miguu yake haisikilizani: mmoja ukitaka mlango, wa pili unataka dirisha. Kiwanda cha mikate kimekubali kumwajiri siku atakapobeba trei bila kuyumba. Darasa la kunyoosha viungo lipo, tena la bure. Kinachotakiwa ni kupita mbele ya wakaguzi wanaoamua nani anastahili kuingia.

Mara ya kwanza Bosi alianguka vibaya, akaipindua meza yao. Wakasema darasa ni hatari kwa mtu asiyejimudu. Dada akamfanyisha mazoezi nyumbani hadi akaweza kutembea juu ya utepe uliobandikwa sakafuni. Aliporudi kwa wakaguzi, akaumaliza utepe wao wote, jasho linamchuruzika. Wakampa mkono wa hongera: huyu mzima, hana haja ya darasa.

Sisi majirani tunakumbuka hongera hizo.

Mwingine angelia. Dada alikaa, akafikiri, akapata jibu: wanataka mtu wa kuanguka kiasi.

"Umezidisha," alimwambia Bosi pale godoroni. "Hiyo ni ya kwenda hospitali. Nataka uyumbe, halafu ujishike."

"Wewe nawe unanisukuma kama gari bovu."

"Rudia, bwana mkubwa."

"Nitarudia nikishakula. Hiyo ni amri."

Siku ilipofika, wakaguzi watatu walikuwa nyuma ya meza, vikombe vya chai mbele yao. Bosi akakanyaga utepe. Katikati akayumba, akatanua mikono, akashuka kwa goti moja taratibu kama mtu anayelaza yai chini, kisha akainuka. Dada akafumba macho kwa furaha.

Mkaguzi mkuu akatua kikombe. "Kuanguka vizuri namna hii kunataka viungo vilivyokomaa. Amefuzu kupita kiasi. Tukimpa nafasi, tutamnyima mwenye shida."

"Sasa mnataka aangukeje?" dada akauliza.

"Aanguke bila kufundishwa, bibie."

Hasira zikampanda dada, akaiendea ile meza mbio. Kiatu kikanasa kwenye utepe. Mkoba ukaenda huku, kiatu kule, mwenyewe akaponea chupuchupu kwa kung'ang'ania ukingo wa meza. Bosi akamfikia, akamwinua kwa mikono miwili, wala hakuyumba.

"Pole, dada. Wewe unahitaji mazoezi."

Wakaguzi wakatazamana. Nyuso zikawachangamka kama watu waliookota kilichopotea siku nyingi.

"Bibie," mkuu akasema, akivuta kalamu, "jina lako nani?"

Darasa limeanza leo. Dada yuko ndani, peke yake, juu ya mikeka ambayo haijawahi kukanyagwa na mtu. Bosi yuko nje ya kioo, anamwonyesha pa kuweka mguu. Mlango hauna kufuli. Acha hizo kamba za viatu, inuka ukaufungue, Bosi aingie.