Kidole cha Bi Siwema

Sheria ilikuwa moja: daktari wa dharura anayekuokoa anakubebea maumivu mpaka kidonda kifunge au mmoja wenu afe, kupitia kidude kilichoshonwa chini ya ngozi za nyote wawili. Bi Siwema, muuza vitumbua, alipasuliwa tumbo, akarudi nyumbani anacheka.

Siku ya kwanza jikoni aligeuza kitumbua kwa vidole, kama alivyozoea. Hakusikia kitu. Simu ikaita.

"Mama, umeungua?" Alikuwa Daktari Nyangeta, aliyempasua, ameuma meno.

"Nisamehe, mwanangu! Mkono umezoea."

"Tumia kijiti, mama. Nina mgonjwa mezani."

Tangu hapo akashika kijiti, akatembea kama aliyebeba mayai, na kila alfajiri alimwombea dua yule binti kabla ya wanawe mwenyewe.

Leo amejisahau, akagusa chuma cha moto. Kidole kikamuuma mpaka machozi yakamtoka. Kisha kidonda cha tumbo, ambacho bado ni kibichi, nacho kikaanza kupwita.

Akaketi kando ya simu. Vitumbua vikaungua.

"Niulize basi, mwanangu," akainong'oneza. "Niulize kama nimeungua."