Digidigi na Mabingwa wa Unene

Palikuwa na Digidigi, amekonda hadi maziwa yamemkauka, na mwanawe analia njaa. Akakimbilia kwa Kiboko kuuliza siri ya unene.

"Shoga, mchana kutwa loweka mwili mtoni," Kiboko akamwambia. Digidigi akajaribu, nusura azame.

Akakimbilia kwa Chatu. "Dada, meza kitu kizima kizima, kisha ulale mwezi." Digidigi akameza, akakabwa na tunda.

Akaanza safari ya kwa Tembo, magoti yakagoma. Basi akabaki kichakani kwake, akila majani kidogo kidogo na kupumzika. Mbavu zikafunikwa, maziwa yakarudi, mtoto akanyamaza.

Kiboko na Chatu wakaja mbio kudai shukrani.

"Nielewesheni basi, jamani," akasema Digidigi, kichwa kinamzunguka. "Mbona nimenenepa nilipoacha kuja kwenu?"